Ripoti ya maabara haipimwi kwa jibu la kitabuni

Wanafunzi wengi wa uhandisi, hapa Tabora na kwingineko, wanaamini ripoti nzuri ya maabara ni ile ambayo jibu lake limelingana na la kitabu. Ndiyo maana takwimu hupikwa usiku wa kuamkia siku ya kukusanya. Sivyo.

Chukua jaribio la zege. Mchemraba wa milimita 150 kila upande, wenye umri wa siku 28, umepasuka kwenye mashine ya kugandamiza kwa nguvu ya kilonyutoni 500, yaani nyutoni 500,000. Gawanya kwa eneo la milimita za mraba 22,500: ni nyutoni 22.2 kwa kila milimita ya mraba. Ulitarajia 25. Mwenye hofu atafuta 500 aandike 565, na hapo hana tena cha kueleza. Aliyeiacha namba yake ana kazi ya maana. Je, mchemraba ulilowekwa majini muda wote, au uliachwa nje kwenye jua letu hili la Septemba? Maji yalizidi kwenye mchanganyiko? Zege lilishindiliwa sawasawa, au lina matundu ubavuni? Majadiliano yenyewe ndiyo hayo, na mimi ripoti ya mtu naanza kuisoma hapo.

Mpangilio nao usipuuzwe: kichwa cha jedwali hukaa juu, cha mchoro chini, na kila safu iwe na kizio chake. Kikokotoo kikionyesha 22.2222222, usinakili zote. Mashine haikupima kwa usahihi huo. Muhtasari hukaa mwanzoni, lakini uandike mwisho.