Kabla Hujanyooshwa Mgongo: Maswali na Majibu Kuhusu Kairopraktiki

Kairopraktiki ni nini, na inatofautianaje na kuchuliwa?

Ni taaluma ya tiba inayoshughulikia maumivu ya misuli na viungo, hasa vya uti wa mgongo, kwa kutumia mikono bila dawa wala upasuaji. Mchuaji hukanda nyama na misuli ya sehemu pana, ilhali kairoprakta hulenga kiungo mahususi kati ya pingili, yaani mifupa midogo inayounda uti wa mgongo, na kukisukuma kwa mwendo wa haraka na mfupi. Taaluma hii ilianzishwa mwaka 1895 na Daniel David Palmer katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Marekani. Palmer aliamini kwamba karibu kila ugonjwa husababishwa na pingili zilizohama mahali pake na kubana neva. Sayansi haikuithibitisha imani hiyo. Ninalitaja jambo hili mapema kwa sababu wapo mpaka leo wanaoahidi kutibu pumu, kisukari au shinikizo la damu kwa kunyoosha mgongo, na mgonjwa anayeacha dawa zake kwa kuamini ahadi hizo hujiweka katika hatari kubwa.

Nitarajie nini siku ya kwanza?

Utarajie kuulizwa mengi kabla ya kuguswa. Mtaalamu makini atataka kujua maumivu yalianza lini na kwa namna gani, kama yanashuka mguuni, yanazidi wakati gani, kazi yako ni ipi, umewahi kuanguka au kupata ajali, na unatumia dawa gani. Baada ya hapo atakutazama ukisimama, ukiinama na ukitembea, atapima nguvu za miguu, atagonga goti na kifundo kwa nyundo ndogo ili kuona neva zinavyoitikia, kisha atapapasa pingili moja baada ya nyingine. Eksirei si lazima kwa kila mgonjwa. Maumivu mengi ya kiuno hayaonekani kwenye picha, na picha za watu wazima wasio na maumivu yoyote mara nyingi huonyesha diski, yaani mito laini iliyo kati ya pingili, zilizochakaa.

Akimaliza, anapaswa kukueleza kwa lugha unayoielewa alichokiona, anachokusudia kufanya, faida inayotazamiwa na madhara yanayoweza kutokea, ndipo aombe ridhaa yako. Una haki ya kukataa, hata kama umekwisha kulala kitandani. Ukiona mtu anakupindua shingo kabla hajakuuliza swali hata moja, vaa viatu vyako uondoke.

Ule mlio ni wa mfupa unaorudi mahali pake?

Hapana. Viungo vina ute unaovilainisha, na ndani ya ute huo mna gesi iliyoyeyuka. Kiungo kinapotanuliwa ghafla, shinikizo hushuka na uwazi wa gesi hutokea, nao huambatana na mlio. Kutosikika kwa mlio si dalili kwamba tiba imeshindikana.

Je, inasaidia kweli?

Kwa maumivu ya kawaida ya kiuno, inasaidia kwa kiasi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno kwa watu wazima, liliitaja tiba ya kusukuma pingili kwa mikono miongoni mwa njia zinazoweza kutumika, pamoja na mazoezi, elimu kwa mgonjwa na kuchuliwa. Mwongozo huohuo haupendekezi mikanda ya kiuno, ambayo wengi wetu huinunua kwa fedha nyingi. Nafuu inayopatikana kwa kairopraktiki kwa kawaida ni ndogo au ya wastani, na hailingani na maneno ya baadhi ya matangazo. Inafaa zaidi inapoambatana na mazoezi.

Nani hapaswi kusukumwa mgongo?

Swali hili ndilo zito kuliko yote. Katika nchi zetu kifua kikuu bado kipo, nacho huweza kushambulia pingili na kuzila taratibu huku mgonjwa akidhani ni uchovu wa kazi. Kumsukuma mtu huyo ni kuhatarisha uti wake. Kwa hiyo maumivu yanayoandamana na homa, jasho la usiku, kukonda au kibyongo kinachojitokeza yapelekwe hospitali kwanza. Vivyo hivyo kwa mwenye historia ya saratani, mifupa iliyopungua uimara, ajali ya karibuni, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Ukipata ganzi kati ya mapaja, ukishindwa kuzuia au kutoa mkojo, au miguu ikilegea ghafla, nenda idara ya dharura siku hiyohiyo, kwa kuwa neva zinazobanwa zinaweza kuharibika kabisa.

Kwa watu wengine madhara ya kawaida ni uchovu au maumivu mepesi yanayoisha ndani ya siku moja au mbili. Kwa shingo, kumekuwa na taarifa chache za mishipa ya damu kuchanika na kusababisha kiharusi. Ni nadra, lakini ukipata kizunguzungu kikali, usemi mzito au udhaifu wa upande mmoja wa mwili baada ya kusukumwa shingo, usisubiri kesho.

Nitahitaji kurudi mara ngapi?

Hakuna idadi moja kwa wote, ila baada ya wiki chache za tiba panapaswa kuwapo badiliko unaloweza kulitaja: unalala vizuri zaidi, unainama, unabeba ndoo ya maji. Pasipokuwapo, mpango ubadilishwe au wewe upewe rufaa. Usilipie mapema mahudhurio ya mwaka mzima.

Nitamtambuaje mwenye sifa?

Muulize alisoma wapi na kwa muda gani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 unataja masomo ya miaka minne ya muda wote, yasiyopungua saa 4,200, yakiwamo mafunzo ya kutibu wagonjwa chini ya usimamizi. Barani Afrika, vyuo vikuu vya Durban na Johannesburg nchini Afrika Kusini vina mafunzo hayo. Mwenye shahada ya kweli hataona vibaya kukuonyesha cheti chake, wala hatakukataza kuendelea na daktari wako.