Mkunga si nyoka wa baharini

Picha ya mkunga aliyenaswa kwa ndoana huko pwani ikifika kwenye simu zetu hapa Dodoma, wengi husema: nyoka wa baharini huyo, mtupeni! Sivyo. Mkunga ni samaki kamili, anapumua kwa matamvua.

Kukosa magamba si ushahidi. Kambale wa bwawa la Hombolo naye hana, na tunamla. Tazama mgongo: mkunga ana pezi refu linaloanzia karibu na kichwa mpaka mkiani, na tundu dogo la matamvua kila upande. Nyoka wa baharini ana magamba, hana pezi, mkia wake ni bapa kama kasia, na lazima apande juu kuvuta hewa. Huyo ndiye mwenye sumu kali.

Mkunga anapofungua na kufumba mdomo hatishi mtu. Anapitisha maji ya kupumulia. Ila meno yake yaogopeni kwelikweli. Mwaka 2007 wanasayansi walionyesha kwamba kooni ana taya za pili, zinazochomoka mbele kukamata windo na kulivuta ndani. Basi usimchomoe ndoana kwa vidole. Kata mshipi.