Flaiova ya Tazara tumepewa, bandari ya Mombasa wamekopeshwa

Kila nikimaliza semina lazima mtu aulize, hivi hawa Wajapani wanatupa au wanatukopesha? Anauliza vizuri tu, maana kwenye taarifa ya habari vyote vinaitwa msaada. Ile flaiova ya Tazara pale Dar iliyofunguliwa 2018 hela yake kubwa ilikuwa ruzuku, hairudishwi. Ila kituo kipya cha makontena pale Mombasa, awamu ya kwanza ikaisha 2016, ni mkopo wa yen na Mkenya anaulipa. Shirika ni lile lile JICA, la misaada la serikali ya Japani, bendera kwenye kibao ile ile.

Sasa kwanini wapende kukopesha wakati wenzao kina Sweden na Norway karibu kila kitu wanatoa ruzuku? Ukiwauliza watakurudisha mpaka 1961, walivyokopa Benki ya Dunia dola milioni 80 wakajenga Shinkansen, ile treni wanayotamba nayo mpaka leo, na madeni yao ya benki hiyo wamekuja kuyamaliza Julai 1990. Cheki hapo, 1989 walishaipita Marekani kwa kutoa misaada, yaani wanaongoza kwa kugawa huku na wao bado wanadaiwa! Ndo wakashika imani kwamba anayejua atalipa ndiye anayekagua saruji. Mi nakubaliana nao nusu.

Nusu ya pili inanitia wasiwasi. Masharti ni nafuu kweli, riba kiduchu, muda unaweza kufika miaka 40 na miaka kama 10 ya mwanzo hugusi deni lenyewe, lakini deni linasoma yen na wewe chai yako unauza kwa dola. Septemba 1985 wakubwa wa fedha wa nchi tajiri wakakaa hoteli ya Plaza, New York, wakakubaliana dola ishuke, kutoka yen 240 hivi ikaporomoka mpaka karibu 120 mwisho wa 1987, Indonesia ambao walikuwa wamekopa sana kwa yen wakaona deni limevimba na hawajaongeza hata senti.

Halafu kuna aina nyingine ya mikopo ya yen, inaitwa STEP, ilianza 2002, riba yake ndogo zaidi ila mkandarasi mkuu awe Mjapani na angalau asilimia 30 ya thamani ya mkataba iwe bidhaa na huduma za kwao. Kwahiyo hela nyingine inatoka Tokyo na inarudi Tokyo, barabara inabaki kwako, na bili pia.