Magazini Isiyo ya Kiwandani: Ijaribu Kabla ya Kuitegemea

Bastola ikikwama, wengi huanza kuichunguza bastola. Mimi huanza na magazini, yaani kisanduku cha risasi kinachochomekwa kwenye mpini, hasa ikiwa haikutoka kwa mtengenezaji wa bastola yenyewe. Zipo za bei nafuu zilizo nzuri kweli, lakini huwezi kuzitambua kwa kutazama pakiti.

Kwanza naandika namba kwenye kitako cha kila moja. Zikiwa tano za aina moja na mojawapo ni mbovu, bila namba utazishuku zote. Kisha, bastola ikiwa haina risasi na mtutu umeelekezwa pasipo na mtu, naichomeka magazini tupu. Inapaswa kujifunga yenyewe, na nikibonyeza kitufe idondoke bila kuvutwa. Nikivuta slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayokwenda nyuma na mbele, ibaki nyuma. Isipobaki, mara nyingi springi ni dhaifu, au kile kipande kinachosukuma risasi juu hakiinui vizuri komeo la slaidi.

Midomo ya juu, zile kingo mbili za magazini zinazoishika risasi, ndiyo naichunguza kwa muda mrefu. Ndiyo inayoamua risasi ikae kwa pembe gani na iachiwe wakati gani. Ikitanuka, risasi huchomoka mapema. Ikibana mno, slaidi hupoteza nguvu. Ya chuma hupinda ikianguka, ya plastiki hupasuka. Naipima upana kwa kalipa, kifaa cha kupimia vipimo vidogo, na kulinganisha na magazini ya kiwandani.

Baada ya hapo naijaza kabisa na kuichomeka slaidi ikiwa imefungwa. Ikigoma kujifunga, risasi zimeshindiliwa bila nafasi. Magazini ya bastola iitwayo 1911, ya risasi za .45, ilibuniwa kwa risasi 7. Leo zipo za 8 zenye urefu uleule, na nafasi hiyo imepatikana kwa kupunguza springi au kipande cha kusukuma. Ndiyo maana natazama sana risasi ya kwanza na ya mwisho. Ya kwanza hukandamizwa kwa nguvu kubwa kuliko zote. Ya mwisho husukumwa na springi iliyokwisha kulegea, hivyo yaweza kuchelewa na slaidi ikapita juu yake.

Sasa, zipigwe ngapi? Ukipiga risasi 30 bila kukwama utafurahi, lakini hesabu haifurahi nawe. Gawanya 3 kwa idadi ya risasi ulizopiga bila hitilafu: hicho ndicho kiwango cha juu cha kukwama usichoweza kukikataa kwa uhakika wa asilimia 95. Kwa risasi 30 ni 10 katika kila 100. Kwa 300 ni 1. Hesabu hiyo ni ya kila magazini peke yake, na nyingi kati ya risasi hizo ziwe za aina utakayoitegemea, kwa kuwa zenye ncha bapa hupanda kwenye chemba, mahali risasi inapokaa nyuma ya mtutu, kwa namna tofauti na za mviringo.

Ikikwama, usikimbilie kuisafisha. Andika namba ya magazini, ni risasi ya ngapi, na imekwamaje. Kisha iweke kwenye bastola nyingine ya aina ileile, na ile ya kiwandani uiweke kwenye hii. Mpigaji mwingine naye ajaribu, maana mkono uliolegea nao hukwamisha.

Ikirudia kosa lilelile hata baada ya kusafishwa na kuwekewa springi mpya, naikunja midomo yake kwa koleo kabla ya kuitupa, isije ikaokotwa na kutumika tena.