CML: Damu Ikitulia, Dawa Haiachwi

Tarehe 22 Septemba ni siku ya kimataifa ya CML (lukemia sugu ya mieloidi), aina adimu ya saratani ya damu. Tarehe hiyo, 22 mwezi wa 9, ilitokana na ugonjwa wenyewe: ndani ya seli, vipande vya kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) ya 9 na ya 22 hubadilishana nafasi, uboho ukaanza kuzalisha chembe nyeupe kupita kiasi. Haurithiwi, hauambukizwi, wala hakuna aliyekuroga.

Huku kwetu Kisumu, Siaya na Busia, CML hujificha nyuma ya malaria. Wengu huvimba upande wa kushoto, mgonjwa hushiba kwa vijiko viwili vitatu, usiku hutota jasho, naye huandikiwa dawa ya malaria tena na tena. Kipimo cha malaria kikiwa safi na uvimbe bado upo, omba chembe za damu zihesabiwe. Chembe nyeupe za kawaida ni kama 4,000 hadi 11,000 kwa maikrolita. Za CML huweza kupita 100,000. Kipimo cha BCR-ABL, jeni inayotokana na kromosomu hizo kubadilishana vipande, ndicho huthibitisha.

Wengi huanzishiwa imatinibu, dawa ya vidonge ya kudhibiti CML, miligramu 400 kwa siku, pamoja na chakula na gilasi kubwa ya maji. Wengu hunywea, mtu akarudi sokoni kuuza samaki wake. Kisha tunamkosa kliniki. Akija tena husema, "Daktari, si nilipona?" Hukupona. Ugonjwa ulidhibitiwa, na ukiachwa unaweza kugeuka lukemia kali isiyosikia dawa hiyo. Wapo wachache wanaosimamishiwa dawa baada ya miaka ya BCR-ABL kuwa chini kabisa, lakini huamuliwa na daktari na hupimwa mara kwa mara. Haiamuliwi nyumbani.

Siku ya kuchukua dawa, njoo na kitambulisho, kadi ya kliniki na paketi ya zamani, hata kama ni tupu. Vidonge vilivyobaki humwagwa kwenye sahani, vikahesabiwa mbele yako, idadi ikaandikwa, nawe ukatia sahihi. Ukipewa vya siku 30 na siku ya 30 kumi bado vipo, usituambie ulikunywa vyote. Ukimtuma ndugu, aje na kitambulisho chake na kadi yako. Bila kadi atarudi mikono mitupu. Dawa hii ni ya msaada, haiuzwi wala haigawiwi jirani. Anayeiuza huitwa mbele ya kamati ya kliniki, na huenda akaandikiwa ripoti polisi.

Macho kuvimba asubuhi, misuli kukaza na kichefuchefu vina tiba. Tuambie, usijipunguzie dozi. Taja pia dawa za TB, kwa maana rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, huidhoofisha imatinibu, na mitishamba unayokunywa. Mama anayetaka mimba aje kwanza tupange, asiache dawa kimyakimya.

Kuhusu malipo, bado kuna wanaotuletea kadi za NHIF, bima ya afya ya zamani, ilhali SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) ilichukua nafasi yake tarehe 1 Oktoba 2024. Jisajili kwa *147# na ulipe mchango kabla ya siku ya kliniki, kwa sababu idhini ya matibabu ya saratani huombwa kabla ya huduma, si baada yake.