Kosa la pamoja barabarani: eksesi yako, ile sehemu ya hasara uliyojilipia, inarudi kiasi gani?

Dhana: "Na mimi nilikosea, basi sina cha kudai."

Watu wengi huachia haki yao hapa. Nchi nyingi hugawa kosa kwa asilimia: ukibebeshwa 30, bado unaweza kumdai mwenzako zile 70. Uingereza hufuata njia hiyo tangu sheria ya mwaka 1945. Marekani yamebaki majimbo machache, kama Maryland na Virginia, ambako kosa dogo tu laweza kukufungia mlango. Uliza sheria ya mahali ajali ilipotokea.

Dhana: "Bima ikimbana yule dereva, eksesi yangu inarudi yote."

Eksesi ni ile sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe kwa mujibu wa mkataba. Bima ikishakulipa iliyobaki, hushika nafasi yako na kumdai mwenzako, au kampuni iliyomkatia bima. Lakini haki inayoidai ni yako, na kosa lako linaipunguza.

Tupige hesabu. Matengenezo yamefika 1,000, kwa sarafu yoyote ile. Wewe ulitoa eksesi ya 200, bima ikatoa 800. Kosa lako ni asilimia 30, kwa hiyo upande wa pili unalipa 700. Nani achukue nini? Kwa mgawo wa uwiano, yaani kila mmoja kwa kadiri alivyotoa, wewe unapata 140 na bima 560. Penye kanuni ya kumtanguliza mteja, unachukua 200 zako zote, bima inabaki na 500. Na pale bima inapotangulia, 700 zote ni zake, wewe hupati kitu. Ajali ni ile ile, majibu matatu. Kinachoamua ni sheria na maneno ya mkataba, na naona ni makosa makubwa kwamba mteja huyajua haya baada ya kugongwa, si siku anapokata bima.

Gharama ambazo bima haikulipa, mfano kukodi gari wakati lako liko kwa fundi, usidhani zimo katika dai la kampuni yako. Ziulizie mapema.

Dhana: "Ripoti ya polisi ndiyo imemaliza."

Ni ushahidi mzito, lakini asilimia mara nyingi hujadiliwa na kampuni zenyewe, zikishindwana huenda kwa msuluhishi au mahakamani. Picha zako na majina ya mashahidi vinaweza kuisogeza asilimia hiyo.

Dhana: "Tumeandikiana kuwa hatudaiani, yamekwisha."

Hili linaniuma zaidi, kwa sababu hufanywa na watu waungwana wanaotaka amani. Ukishamsamehe mwenzako kwa maandishi, bima yako nayo huenda isiwe na cha kumdai, maana haiwezi kudai haki uliyokwisha kuiachia. Inaweza kukataa kukulipa, au kukutaka urudishe ilicholipa. Pale barabarani badilishaneni majina, namba za magari na za bima, piga picha, kisha ipigie kampuni yako kabla hujasaini karatasi yoyote.