Ukaniandika kwenye mahudhurio

Mimi ni bwana shamba wa zabibu hapa Dodoma. Watu hunitafuta kwa habari za mbolea na ugonjwa wa ubwiriunga, lakini kadiri miaka inavyokwenda ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba mashamba mengi niliyoyaona yakifa yaliuawa na majivuno. Langu la kwanza limo.

Nianze na mzabibu wenyewe. Ulaya hulala wakati wa baridi kali, kisha huamka wenyewe joto likirudi. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo anayeuamsha ni mtu mwenye mkasi. Ukipogoa leo, karibu miezi minne baadaye unavuna. Ndiyo maana Dodoma tunaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, na ndiyo maana tarehe ya kupogoa si jambo la mchezo: ukiikosea, zabibu zinaiva mvua ikizinyeshea.

Nilipotoka chuoni nilianzisha shamba darasa upande wa Mpunguzi. Nikapiga hesabu: tukipogoa mwanzoni mwa Septemba, Januari tuko sokoni kabla ya wenzetu, bei ingali nzuri. Ubaoni hesabu ilipendeza mno. Wakulima wakaitikia, "Sawa, bwana shamba." Januari mvua ikapiga siku tatu mfululizo. Punje zikapasuka, nyuki na nzi wakafanya sherehe. Ng'ambo ya njia, mizabibu ya mama mmoja mtu mzima ilikuwa na vichala vibichi, vigumu, salama kabisa.

Nikamuuliza, mama, mbona hukuniambia?

"Nilisema, mwanangu. Ukaniandika kwenye mahudhurio."

Nikafungua daftari. Jina lipo, namba saba. Alichosema hakipo.

Mwaka 1999 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Justin Kruger na David Dunning, walichapisha majaribio waliyowapa wanafunzi: mantiki, sarufi, hata kutambua kichekesho kizuri. Kundi lililofanya vibaya zaidi lilikuwa, kwa wastani, limewapita asilimia 12 tu ya wenzao. Wenyewe walidhani wamewapita asilimia 62. Wengi huutaja utafiti huu ili kuwacheka wajinga. Mimi naona jambo jingine. Ujuzi unaokosekana kichwani mwako ndio huohuo ambao ungekuonyesha kwamba umekosea, kwa hiyo lazima mtu mwingine akwambie. Na majivuno kazi yake ni kumfunga mdomo mtu huyo.

Naliona hilo kwa baadhi ya wastaafu wanaokuja na kiinua mgongo kutafuta shamba Hombolo. Kibarua anajua bonde lile hutuamisha maji. Bosi anashuka garini akiwa tayari anatoa maagizo. Kibarua atachimba mashimo, atapokea ujira wake, atanyamaza. Kumkosoa bosi kungemkosesha kazi ya kesho, nani amlaumu?

Ila kuna unyenyekevu ambao ni unyonge tu uliovaa kanzu. Zabibu zikishakatwa hazingoji, na dalali analijua hilo vizuri. Mkulima anayeinamisha kichwa na kusema "nipe chochote, kaka" huondoka na chochote. Mama yule wa Mpunguzi hapunguzi. Ana kipima sukari ya zabibu chake. Anakamua punje juu ya kioo, anamwonyesha mnunuzi namba, ndipo bei inaanza kuzungumzwa. Na siku kipimo kikionyesha sukari bado iko chini, habishani nacho. Anaziacha zabibu mtini siku kadhaa, hata kama kreti zilishaletwa na watu wa kubeba walishaitwa. Sijui kama darasani ningeweza kufundisha vitu hivyo viwili kwa pamoja. Yeye anavifanya kabla ya saa nne asubuhi.

Siku hizi daftari langu la mahudhurio lina safu mbili: jina, na alichosema. Safu ya pili imejaa mambo nisiyokubaliana nayo, lakini nayaandika, na kabla ya kupogoa nayasoma yote. Mama bado hunichungulia begani kuhakikisha nimeandika.